Kila Bia na Bilauri Yake: Maisha ya Mikahawa ya Mitaa ya Brussels

Mwanzoni mwa karne iliyopita, wafanyakazi wa Benki Kuu ya Ubelgiji walikuwa na desturi yao ya mchana. Muda wa mapumziko ulipofika, walikwenda kwenye mkahawa wa La Cour Royale, uliomilikiwa na Théophile Vossen, wakaagiza bia na kutoa dadu. Mchezo wao uliitwa pitjesbak. Mara nyingi saa ya kurudi kazini iliwakuta hawajamaliza, kwa hiyo walikubaliana warushe dadu mara moja tu ya mwisho, na atakayeshindwa ahesabiwe amekufa kifo cha ghafla. Vossen alipohamia jengo jipya mwaka 1928, kwenye mtaa wa Montagne aux Herbes Potagères, aliubeba msemo huo wa wateja wake na kuuandika mlangoni: À la Mort Subite.

Mkahawa huo bado uko wazi, karibu karne nzima baadaye. Ni ukumbi mrefu wenye nguzo, vioo vikubwa ukutani, na safu za meza za mbao zilizolainishwa na viwiko vya vizazi vinne au vitano. Kuta zimegeuka rangi ya asali iliyokolea kwa moshi wa sigara za miaka mingi, na hakuna aliyethubutu kuzipaka rangi upya. Mteja akikaa, mhudumu huja, huchukua oda, huleta bia na kuondoka. Hatarudi kuuliza kama kuna kingine kinachohitajika, wala hataweka bili mezani kabla ya kuombwa. Mzee anaweza kufungua gazeti saa tano asubuhi na bilauri moja mbele yake akalimaliza hadi matangazo ya vifo, na hakuna atakayemtazama kwa jicho la kumfukuza.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa mikahawa ya Brussels. Watu wengi huusifia mji huu kwa idadi ya bia zake, na ni kweli kwamba ni nyingi. Lakini bia nzuri siku hizi hupatikana hata kwenye rafu za duka kubwa. Ambacho duka haliuzi ni muda. Mkahawa wa mtaa wa Brussels umejengwa juu ya subira kutoka jikoni hadi mezani: nyama iliyokaa jikoni saa tatu, bia iliyokaa kwenye pipa miaka mitatu, na mteja anayeruhusiwa kukaa mpaka atosheke.

Jikoni

Mgeni anayeingia mara ya kwanza hushangaa kuona orodha ya chakula ilivyo fupi ikilinganishwa na ile ya vinywaji. Asiwe na wasiwasi. Vyakula hivyo vichache vimepikwa na mikono ileile kwa miaka, na karibu vyote vina uhusiano na bia.

Mfalme wa mezani ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa bia, ambayo Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa huiita carbonnade na wale wa Kiflemi huiita stoofvlees. Mpishi huchagua sehemu ngumu za mnyama, bega au shavu, zile ambazo haraka haiziwezi. Huzikata vipande vikubwa, huzikaanga kwa siagi hadi zishike rangi, huziweka kando, kisha humimina vitunguu vingi kwenye sufuria ileile na kuviacha viive taratibu mpaka vilegee na kutoa utamu. Nyama hurudishwa, bia nyeusi humiminwa mpaka iifunike, na majani ya bay na ya thyme hufuata. Halafu huja jambo linalowastaajabisha wageni: kipande cha mkate hupakwa haradali kali na kulazwa juu ya mchuzi, upande wenye haradali ukitazama chini. Kadiri saa zinavyopita, mkate huyeyuka wote. Ndio unaoupa mchuzi uzito wake, na haradali hupunguza utamu wa vitunguu. Baada ya saa tatu nyama hukatika kwa uma bila kisu.

Pembeni yake huwekwa chipsi, na kwenye suala la chipsi Wabelgiji hawana mzaha hata kidogo. Viazi hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye mafuta ya joto la wastani, ili viive ndani bila kubadilika rangi, kisha hutolewa na kupumzishwa vipoe. Mara ya pili mafuta huwa moto zaidi, karibu nyuzi 180, na hapo ndipo ganda la nje hukauka na kuanza kulia linapong'atwa. Mikahawa inayoshikilia mila hutumia mafuta ya ng'ombe badala ya ya mimea. Ladha yake ni tofauti kabisa, na anayejali kama chakula chake ni halali au asiyekula nyama afanye vyema kuuliza kwanza.

Vipo na vyakula vya watu wa kawaida zaidi. Stoemp ni viazi vilivyopondwa pamoja na karoti, kabichi au liki, vinavyoliwa na soseji. Kuna jibini nyeupe laini iliyopakwa kwenye mkate wa kahawia na kupambwa kwa figili na vitunguu vya majani, mlo ambao kwa miaka mingi ulikuwa chakula cha mchana cha mafundi na makarani. Majira ya kome yakifika, kuanzia Julai, sufuria nyeusi zenye kilo nzima ya kome kutoka Zeeland, ng'ambo ya mpaka wa Uholanzi, hupita kati ya meza zikitoa mvuke wa seleri na vitunguu. Na kwa asiye na njaa ya kweli kuna sahani ndogo ya vipande vya jibini vilivyokatwa mraba, pamoja na haradali na chumvi iliyochanganywa na unga wa mbegu za seleri. Hakuna kitu kinachoandamana na bia chungu vizuri kuliko hicho.

Asiyekunywa pombe hatengwi. Kahawa huletwa na biskuti ndogo ya mdalasini pembeni ya kikombe, kuna supu ya siku, na katika nchi inayotengeneza chokoleti kama Ubelgiji, kikombe cha chokoleti ya moto ni kinywaji cha heshima kwa mtu mzima.

Bia inayongoja hewa

Ili kuelewa kile kinachonywewa À la Mort Subite, inabidi kuvuka mji hadi Anderlecht, kwenye mtaa wa Gheude, kilipo kiwanda kidogo cha Cantillon. Kilianzishwa mwaka 1900, na tangu 1978 kiwanda kimefunguliwa kama makumbusho, ingawa kazi haijawahi kusimama. Bia yake huitwa lambic, na ni miongoni mwa bia za kale zaidi barani Ulaya kwa namna inavyotengenezwa.

Mtengenezaji wa lambic hatii hamira. Huchanganya kimea cha shayiri na ngano mbichi, ngano ikiwa zaidi kidogo ya theluthi moja, na kuchemsha pamoja na hopsi zilizozeeshwa ghalani kwa miaka miwili au mitatu hadi zikapoteza harufu na kubaki na nguvu ya kuhifadhi tu. Jioni, mchanganyiko huo ukiwa bado unatoa mvuke, hupandishwa darini na kumwagwa kwenye sinia pana la shaba lenye kina kifupi. Madirisha ya dari yameachwa wazi. Usiku kucha hewa baridi ya bonde la mto Senne hupita juu yake, na katika hewa hiyo, na kwenye mbao za paa, kuna chachu za porini na bakteria ambao hakuna aliyewaalika kwa jina. Asubuhi huwa wamekwisha kuingia. Kimiminika hupelekwa kwenye mapipa ya mbao, na baada ya siku chache mapipa huanza kutokota na kumwaga povu kwenye sakafu.

Baada ya hapo ni kungoja. Mwaka mmoja, miwili, mitatu. Utando wa buibui hauguswi, kwa sababu buibui hula wadudu wanaofuata harufu ya matunda. Mwishowe bia ya mwaka mmoja, ambayo bado ina sukari, huchanganywa na ile ya miaka miwili na mitatu, iliyokomaa na kukauka. Mchanganyiko hutiwa kwenye chupa nzito zenye kizibo cha gome, na hapo huchachuka tena mpaka ipatikane gueuze, bia inayotoa mapovu kama shampeni. Zikiongezwa cheri chungu, karibu gramu 200 kwa kila lita, huwa kriek, nyekundu na kali. Anayezionja kwa mara ya kwanza hukunja uso. Ukali wa gueuze uko karibu na ule wa maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari, na kama ilivyo kwa ukwaju, ulimi hujifunza kuutafuta. Zamani wenyeji walioshindwa kuustahimili waliagiza faro, yaani lambic iliyotiwa sukari.

Kazi hii hutegemea baridi. Kwa desturi, lambic hupikwa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Aprili tu, kwa sababu usiku wenye joto huleta bakteria wasiofaa. Novemba 2015, Cantillon ililazimika kusitisha kazi kwa muda kwa kuwa usiku ulikuwa na joto mno. Hakuna mashine iliyoharibika wala malighafi iliyokosekana. Hali ya hewa yenyewe ndiyo iliyokataa. Watengenezaji wengine wa lambic katika bonde hilo wamekuwa wakihesabu siku za baridi kwa wasiwasi uleule, na wana kila sababu.

Sheria, watawa na bilauri

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nchi ndogo namna hii iwe na bia kali nyingi kiasi hicho. Sehemu ya jibu imo katika sheria moja ya mwaka 1919. Emile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti aliyekuwa waziri wa sheria, aliona jinsi pombe kali aina ya jenever ilivyokuwa ikizivunja familia za wafanyakazi. Sheria iliyobeba jina lake ilipiga marufuku kuuza pombe kali kwa glasi katika mikahawa, na dukani mnunuzi alilazimika kuchukua angalau lita mbili kwa mpigo, kiasi ambacho mshahara wa kibarua haukuweza kumudu. Sheria hiyo iliishi hadi mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka 60, mteja wa mkahawa aliyetaka kinywaji chenye nguvu hakuwa na pa kuelekea isipokuwa kwenye bia, na watengenezaji wakamfuata huko. Duvel ya familia ya Moortgat ilipata jina lake mwaka 1923 na ina kilevi cha asilimia 8.5. Tripel ya watawa wa Westmalle, ambayo mtindo wake ulisambaa duniani, ilitoka mwaka 1934 na ina asilimia 9.5.

Bia za namna hiyo hazinywewi kwa pupa. Chupa ni ya ujazo wa kawaida, lakini anayeimaliza kwa haraka atajuta kabla hajafika kituo cha tramu. Wenyeji hunywa kidogo kidogo, huku wakila na kuongea. Nguvu iliyomo kwenye bilauri ndiyo iliyowafundisha watu kukaa.

Watawa wenyewe wana nafasi ya pekee katika habari hii. Orval, Chimay, Rochefort, Westmalle na Westvleteren ni monasteri za Watrapisti ambako bia hutengenezwa ndani ya kuta za watawa na chini ya uangalizi wao, na mapato huenda kwenye matunzo ya monasteri na kazi za hisani. Orval, karibu na mpaka wa Ufaransa, hutengeneza bia moja tu ya kupeleka sokoni. Nembo yake ni samaki aliyebeba pete mdomoni, kutokana na hadithi ya Mathilde wa Toscana aliyepoteza pete yake kwenye chemchemi ya mahali hapo na kurudishiwa na samaki. Ladha ya Orval hubadilika sana chupa inapokaa, na katika mikahawa inayoijali, mhudumu atamuuliza mteja kama anaitaka changa au iliyozeeshwa miezi sita na zaidi. Hilo swali moja hutosha kumjulisha mtu yuko mahali pa aina gani.

Na kila bia ina bilauri yake. Orval hunywewa kwenye kikombe kizito chenye shina, Duvel kwenye bilauri iliyotuna kama tulipu, na Kwak kwenye glasi ya chini duara inayosimamishwa kwa kishikizo cha mbao. Mhudumu huisuuza bilauri kwa maji baridi kabla ya kumimina, na bia ya pipa ikifurika, hukata povu la juu kwa kisu bapa. Bilauri ya bia fulani ikiwa imekwisha kwenye kabati, wapo wenye mikahawa watakaomshauri mteja achague bia nyingine kuliko kumpa ile aliyoomba kwenye bilauri isiyo yake. Wageni hudhani ni madoido. Lakini umbo la bilauri huamua povu litakaa kwa muda gani na harufu itafika puani vipi, na mtu aliyetumia miaka mitatu kuingoja bia ana haki ya kudai imiminwe ipasavyo.

Mnamo 30 Novemba 2016, kamati ya UNESCO iliyokutana Addis Ababa, Ethiopia, iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Wiki chache kabla ya hapo, Oktoba mwaka huohuo, kampuni ya AB InBev yenye makao makuu Leuven, mashariki ya Brussels, ilikuwa imekamilisha ununuzi wa SABMiller. Kwa hatua hiyo, kampuni ya TBL inayotengeneza Safari na Kilimanjaro nchini Tanzania, pamoja na Nile Breweries ya Uganda, ziliingia mikononi mwa jitu hilo la Ubelgiji. Nchi moja, vuli moja, na sura mbili za bia: dari lililoachwa wazi usiku Anderlecht, na kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani.

Kandokando ya Matonge

Ubelgiji na Afrika zilikuwa zimeunganishwa na bia, na mambo mazito kuliko bia, muda mrefu kabla ya hapo. Kiwanda cha bia cha Léopoldville (Kinshasa ya leo), kilichokuja kujulikana kama Bralima na kuzaa Primus, kilianzishwa mwaka 1923 chini ya utawala wa kikoloni. Patrice Lumumba, mpigania uhuru wa Kongo aliyezungumza Kiswahili pamoja na lugha nyingine kadhaa za Kongo, aliingia kwenye biashara hiyohiyo alipohamia Léopoldville mwaka 1957. Aliajiriwa kuisukuma sokoni bia ya Polar, mshindani wa Primus, na akazunguka baa za mji akiinadi. Ndimo humo, kati ya meza na chupa, alimopata wasikilizaji wake wa kwanza wa siasa jijini. Januari 1960 alitolewa gerezani na kufika Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru wa Kongo. Kundi la African Jazz la Joseph Kabasele lilikuwa limekuja pia, na lilipiga wimbo wa Indépendance Cha Cha katika Hoteli ya Plaza. Tarehe ya uhuru iliwekwa kwenye mkutano huo, 30 Juni.

Leo, kwenye lango la Porte de Namur, kuna uwanja mdogo wenye jina la Lumumba, uliozinduliwa 30 Juni 2018 baada ya miaka mingi ya madai ya wanaharakati. Hapo ndipo mtaa wa Matonge unapoanza, uliopewa jina la kitongoji cha Kinshasa. Ulikua kuanzia Maison Africaine, hosteli ya wanafunzi wa Kongo iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo una vinyozi, maduka ya vitenge, vibanda vya kutuma pesa na migahawa inayochoma samaki. Lingala ndiyo inayotawala, lakini mtu akitega sikio atasikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Bujumbura. Kwenye mtaa wa Longue Vie, usiopitwa na magari, meza hutolewa nje jua linapowaka, na sombe huliwa pembeni ya chupa ya Primus.

Umbali mfupi kwa miguu kutoka hapo ni kanisa la Saint-Boniface, na kwenye uwanja wake upo L'Ultime Atome, mkahawa mkubwa wa mtindo wa Kibelgiji wenye orodha ndefu ya bia, ukizungukwa na nyumba za mtindo wa Art Nouveau zilizochorwa na mbunifu Ernest Blérot mwanzoni mwa karne ya 20. Jioni ya Ijumaa meza zake hujaa maofisa wa taasisi za Ulaya, wanafunzi, familia zenye magari ya watoto, na Wakongo waliovuka kutoka Matonge. Ingekuwa uongo kusema kwamba meza hufuta historia, hasa historia ile ya ukoloni. Hata hivyo, katika mji ambao wazungumzaji wa Kifaransa na Waflemi wana shule, magazeti na vyama tofauti, mikahawa ya aina hii ni miongoni mwa sehemu chache ambazo kila mtu ana sababu ya kuingia.

Wateja wanapoingia mfukoni

Haya yote yamo hatarini, na haifai kulisema hilo kwa sauti ya chini. Mwaka 1900 Ubelgiji ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 3,000, vingi vikiwa vya kijiji, na kila kimoja kililisha mikahawa yake. Vingi vilikufa kwa vita viwili, kwa shaba iliyonyang'anywa na majeshi ya Ujerumani, na kwa kumezwa na wakubwa. Mikahawa imefuata njia hiyo. Kodi za nyumba zimepanda, bia ya duka kubwa ni rahisi zaidi, na baadhi ya majengo humilikiwa na kampuni za bia zinazompangia mpangaji auze nini. Marufuku ya sigara ya 1 Julai 2011, iliyokuwa ya haki kwa mapafu ya wahudumu, iliondoa wateja wengine wa kudumu. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Mikahawa ilifungwa Machi 2020 hadi Juni, ikafungwa tena Oktoba, na haikuruhusiwa kuweka meza hata za nje mpaka 8 Mei 2021. Baadhi ya milango haikufunguliwa tena.

Iliyonusurika mara nyingi imenusurika kwa sababu wateja wenyewe walikataa ife. La Fleur en Papier Doré, kwenye mtaa wa Alexiens, ni mkahawa mdogo wenye vyumba vya giza na kuta zilizojaa picha na maandishi. Geert van Bruaene, muuzaji wa sanaa na mcheshi, aliuendesha kuanzia miaka ya 1940, na René Magritte na wasurealisti wenzake walikuwa wakikutana humo. Mwandishi Hugo Claus alisherehekea ndoa yake hapo mwaka 1955. Biashara iliposhindwa na milango kufungwa mwaka 2006, wapenzi wa mkahawa huo waliunda ushirika, wakachanga, na mwaka uliofuata bia ikaanza tena kumiminwa.

Kijijini Eizeringen, magharibi ya Brussels, mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi lakini kwa moyo uleule. Mkahawa wa In de Verzekering tegen de Grote Dorst, yaani Bima dhidi ya Kiu Kubwa, unatazamana na kanisa, na kwa miongo mingi uliendeshwa na mama mmoja aliyefungua Jumapili baada ya misa, sikukuu za kanisa, na siku za mazishi. Alipostaafu mwaka 1999, ndugu wawili wa hapohapo waliuchukua. Hawakubadilisha samani wala saa za kazi. Walichoongeza ni bia: wakakusanya lambic na gueuze kutoka kwa karibu kila mtengenezaji aliye hai, na chupa kadhaa za waliokwisha kufunga. Leo watu husafiri kutoka Japani na Marekani kuwahi saa chache za Jumapili asubuhi, na wanakijiji bado hukaa kwenye meza zao za siku zote.

Mfano wa mwisho ni wa bei nafuu zaidi, na uko karibu na ofisi za Umoja wa Ulaya. Kwenye uwanja wa Jourdan kuna kibanda cha chipsi cha Maison Antoine, kilichoanza mwaka 1948. Mikahawa inayokizunguka haioni vibaya mteja akija na chakula cha jirani: mingi hutundika kibao kinachomruhusu kuingia na chipsi zake ndani ya karatasi, almradi aagize kinywaji. Februari 2016, mkutano wa viongozi wa Ulaya kuhusu masharti ya Uingereza ya kubaki kwenye Umoja huo uliporefuka kupita kiasi, Angela Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, alitoka nje akaenda Maison Antoine, akanunua chipsi.